Makumbusho Si Jina la Stendi

Likizo ya mwaka ya mfanyakazi wa Tanzania Bara ni siku 28 mfululizo. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na sikukuu zinazoangukia ndani ya siku hizo huhesabiwa humo humo. Siku hizo ni haki ya mfanyakazi, si hisani ya mkuu wake. Wazee waliofanya kazi bandarini na kwenye reli waliziita livu, wakazihesabu kwa vidole miezi kadhaa kabla hazijafika. Siku hizi zinahesabiwa vilevile, ila zikishafika hazina mwenyewe.

Katika Sinza ya Dar es Salaam likizo ina mahali patatu pa kuishia. Wapo wanaoiuza: mfanyakazi hukubaliana na mwajiri achukue fedha badala ya mapumziko, na fedha hiyo ikamezwa na ada ya shule kabla haijapoa mkononi. Wapo wanaoisafirisha: Desemba ikifika mabasi ya Moshi na Bukoba hujaa mpaka kwenye ngazi, na Januari watu hurudi na ndizi, nyama ya kukausha na madeni. Hao wote hawana lawama. Ada ni ada, na kwenda kuwaona wazazi ni jambo la heshima lisilo na mjadala. Wa kusemwa ni wale wa fungu la tatu, nao ndio wengi: likizo inawakuta nyumbani na inawaacha hapo hapo. Baba huamka saa nne, huenda kijiweni, jioni huhamia baa ya mtaa hadi muziki uzimwe. Watoto hushinda mbele ya televisheni wakitazama tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Mama ndiye pekee asiyejua kwamba nyumba iko likizo, maana vyombo vya kuosha ni vilevile. Zikiisha siku 28, hakuna mtoto anayeweza kutaja hata moja anayoikumbuka.

Hakuna anayedaiwa siku zote hizo. Zinatakiwa mbili au tatu tu: moja au mbili za makumbusho, na moja ya sinema.

Kwa mtu wa Sinza, makumbusho hayako mbali hata kidogo. Neno lenyewe liko masikioni mwake tangu alfajiri. Kondakta wa daladala ananing'inia mlangoni, anagonga bati, anaita: Makumbusho, Makumbusho, Makumbusho! Abiria anapanda, anatoa nauli, anashuka stendi ya Makumbusho, anaunganisha gari la Posta au la Tegeta, na maisha yanaendelea. Kuna kata ya Makumbusho, kuna stendi ya Makumbusho, kuna maduka na vyumba vya kupanga vinavyotangazwa kuwa viko Makumbusho. Wanaopita hapo kila siku ni maelfu, na wengi wao hawajawahi kuuliza ni makumbusho ya nini.

Ni Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1966 kando ya barabara ya Bagamoyo, upande wa Kijitonyama. Mtu mwenye miguu mizima anatoka Sinza Kijiweni, anapita Bamaga, na anafika kabla saa moja haijatimia. Ndani ya uzio, chini ya miti, zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania kwa ukubwa wake halisi, kwa vifaa vyake halisi na kwa ufundi wa watu wa huko huko. Ipo nyumba ya Wahaya, ipo ya Wagogo, ya Wahehe, ya Wanyakyusa, ya Wazaramo na nyinginezo. Ni nyumba za kuingia, si picha za ukutani.

Hapo ndipo huzuka pingamizi la kwanza, nalo husemwa kwa kicheko: nani alipe kiingilio akaone nyumba ya udongo, wakati kwao zimejaa? Pingamizi hilo lina nguvu kwa mtu aliyezaliwa katika nyumba ya udongo. Halina nguvu kwa mwanawe. Sinza ya leo ni kazi ya mpango wa viwanja ulioanza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Viwanja vilipimwa, barabara zikachorwa, maji yakavutwa, watu wakajenga. Waliojenga walitoka kila pembe ya nchi, na kila mmoja alikuja na kumbukumbu ya nyumba aliyoiacha nyuma. Watoto wao walizaliwa kwenye matofali ya saruji na bati. Wajukuu wamezaliwa kwenye vigae vya sakafuni na madirisha ya alumini. Mjukuu wa Kihaya wa Sinza Mori akiulizwa msonge ni nini, aghalabu atataja jina la ukumbi wa harusi.

Basi na aingizwe msongeni. Nyumba yenyewe haina ukuta na paa kama vitu viwili. Nyasi zimeanzia juu kwenye ncha na kushuka duara hadi karibu na ardhi. Mlango ni mfupi, mtu mzima hainami kwa adabu bali kwa lazima. Ndani ni giza, na giza hilo lina ubaridi ambao feni ya Sinza haijapata kuutoa. Macho yakizoea, mtoto anaanza kuona: nguzo zilizopangwa kugawa sehemu, mahali pa moto, mahali pa kulala, mahali pa mifugo. Hapo ataanza kuuliza. Kwa nini ng'ombe alale ndani na watu? Moshi ulitokea wapi? Mvua ya Bukoba ilizuiwaje na nyasi tupu? Jibu la hilo la mwisho liko juu ya kichwa chake: nyasi zimeshonwa nene na paa lina mwinuko mkali, kwa hiyo maji huteremka kabla hayajapata nafasi ya kupenya.

Hatua chache kutoka hapo mambo yanageuka juu chini. Tembe la Wagogo ni fupi, lina pembe nne, na paa lake ni bapa. Juu ya miti na fito umewekwa udongo. Mtu anayetoka kwenye msonge akaingia kwenye tembe anajifunza kwa shingo yake jambo ambalo mwalimu wa jiografia hulieleza kwa juma zima. Dodoma haina mvua ya Bukoba. Penye mvua haba, paa bapa la udongo halina hasara. Linakinga jua, halipeperushwi na upepo wa nyika, na haliwaki moto kwa cheche. Nyumba imejengwa na mvua kama ilivyojengwa na mafundi. Hayo yakishaeleweka, mtu mzima mwenyewe ataanza kuitazama nyumba yake ya Sinza kwa jicho jingine, na kujiuliza ni nani aliyemshauri aweke bati bila dari katika mji wenye joto la Dar es Salaam.

Nyumba ya Wazaramo ndiyo iliyo karibu zaidi na historia ya mtaa. Miti, fito, udongo na makuti: hapo mkazi wa Manzese au Temeke atatambua asili ya ile nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba kushoto na kulia, ambayo mpaka leo inapangishwa chumba kwa chumba na bado watu wanagombania zamu ya kufagia ukumbi.

Walakini lipo kosa moja linaloharibu safari za namna hii, nalo ni kuwapeleka watoto kama mzigo. Mzazi analipa getini, anawaambia waende wakazunguke, yeye anakaa chini ya mwembe na simu. Baada ya robo saa watoto wamerudi wakisema wamemaliza. Vitu vya makumbusho havisemi. Kinu kinakaa kimya, jiwe la kusagia linakaa kimya, na kibao kilichoandikwa pembeni kina mistari mitatu. Anayehitajika ni mtu wa kuvisemea, na mtu huyo katika kila nyumba ya Sinza yupo: ni bibi aliyeletwa kutoka kijijini kwa matibabu, ambaye anashinda sebuleni akiwa hana la kufanya na hana anayemwelewa. Bibi huyo akifikishwa mbele ya jiwe la kusagia hubadilika. Atapiga goti bila kuombwa, ataonyesha namna mikono inavyosukuma na mgongo unavyofuata, atasema ulezi ulisagwa saa ngapi na nani aliyekuwa mvivu. Wajukuu waliozoea kumwona kama mgonjwa watamwona kwa mara ya kwanza kama bingwa. Kiingilio cha bibi ndicho fedha iliyotumika vizuri kuliko zote siku hiyo.

Katika kijiji hicho pia huchezwa ngoma, na tangu miaka ya 1990 kimekuwa kikiandaa siku za utamaduni ambapo watu wa jamii fulani hukusanyika kuonyesha vyakula, mavazi, mila na ufundi wao. Anayepanga likizo yake kwa akili huulizia mapema kama siku ya namna hiyo iko karibu.

Siku ya pili ni ya mjini. Mtu wa Sinza anashuka na barabara ya Shekilango hadi kituo cha mwendokasi, anapanda basi la Kivukoni, na kutoka hapo anatembea hadi mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea. Jina la mtaa peke yake ni somo, lakini lisimcheleweshe mtu. Makumbusho ya Taifa yalianzishwa mwaka 1934 wakati wa gavana Harold MacMichael, yakafunguliwa kwa umma mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya mfalme George wa Tano wa Uingereza. Jengo la mwanzo lipo bado, dogo, na milango yake inafanana na ya majengo ya pwani. Majengo makubwa yaliongezwa baadaye. Leo panaitwa Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni.

Humo mtu asijaribu kuona kila kitu. Akijaribu, miguu itauma na kichwa kitatoka kitupu. Achague vitatu.

Cha kwanza ni habari ya fuvu la Zinjanthropus. Tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai, Mary Leakey alitoka asubuhi kwenda kutafuta; mumewe, Louis, alikuwa amelala kambini na homa. Mary akaona mfupa ukichungulia ardhini, na humo mlikuwa na meno. Lilikuwa fuvu la kiumbe aliyeishi miaka kama milioni 1.75 iliyopita, limevunjika vipande mamia ambavyo ilibidi viunganishwe kimoja kimoja. Jina Zinj ni lile la kale ambalo Waarabu waliita pwani hii ya Afrika Mashariki. Fuvu lilikaa Kenya kwa muda, na mwaka 1965 likaletwa Dar es Salaam kuwa mali ya makumbusho haya. Mtoto aonyeshwe magego: ni mapana kuliko yoyote aliyowahi kuyaona mdomoni mwa mtu. Aonyeshwe pia ukingo wa mfupa uliosimama utosini, mahali misuli ya taya iliposhikilia. Kisha aambiwe atafune bila chakula huku ameweka vidole juu ya masikio yake. Atasikia misuli ikicheza kwenye panja. Kwa kiumbe yule misuli hiyo ilipanda mpaka juu ya kichwa. Mtoto aliyefanya hivyo hatasahau, na mzee aliyefanya hivyo akidhani haonwi, naye hatasahau.

Cha pili ni vitu vya Kilwa: vigae vya vyombo vya China, shanga, sarafu zilizopigwa na masultani wa kisiwani hapo. Sahani iliyovunjika ni kitu cha kutupwa jalalani. Sahani ya China iliyovunjikia Kilwa mamia ya miaka iliyopita ni ushahidi kwamba watu wa pwani hii walikuwa wakifanya biashara na dunia kabla meli ya kwanza ya Mreno haijaonekana. Machinga wa Kariakoo anayeuza bidhaa za Guangzhou ana watangulizi wa zamani sana, naye angefurahi kuwajua.

Hapo pia huja swali gumu, na mzazi asilikwepe. Mtoto ambaye ameona dinosaria katika filamu atauliza yule mkubwa wa Tanzania yuko wapi. Jibu ni kwamba yuko Berlin. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa Tendaguru, katika eneo la Lindi; mamia ya wafanyakazi wa hapa walichimba, wakafunga, wakaibeba vichwani siku kadhaa hadi bandarini, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa hiyo ndiyo iliyosimamishwa kuwa mnyama mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, anayetazamwa na watoto wa Ujerumani kila siku ya likizo yao. Mtoto atanuna. Kununa huko ni sehemu ya elimu.

Cha tatu kiko nje: kumbukumbu ya mlipuko wa tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini na kuua watu 11, asubuhi ile ile ambayo Nairobi ilipoteza zaidi ya 200. Mchongaji wa Marekani, Elyn Zimmerman, ndiye aliyeitengeneza. Watu wazima wa Sinza wenye umri wa miaka 40 na kuendelea wengi wanakumbuka walikuwa wapi asubuhi ile. Watoto wao hawajui lolote. Nafasi ya kuwaeleza, wamesimama mbele ya jiwe, haipatikani sebuleni.

Jambo ambalo makumbusho hayalisemi ni kwamba habari ya ubalozi huo inaunganika na habari ya sinema. Ubalozi mpya ulijengwa Msasani, kwenye uwanja uliokuwa wa sinema ya Drive-In, iliyofunguliwa mwaka 1966. Familia zilikwenda na magari yao, zikayapanga kuelekea pazia kubwa jeupe, watoto wakakaa juu ya boneti na vyakula vimefungwa kwenye vitambaa. Pazia halipo, uwanja una ukuta mrefu na walinzi, lakini watu wa mjini bado wanaiita sehemu hiyo Drive-In. Mji huu una tabia ya kutunza majina na kupoteza vitu. Makumbusho na Drive-In ni ushahidi wa pande zote mbili, kwa kuwa cha kwanza kipo na hakiendewi, na cha pili kilikuwa kikiendewa na hakipo.

Sinema katika nchi hii si jambo la juzi wala si la wageni. Zanzibar ilikuwa na jumba maalumu la sinema, Royal, tangu mwaka 1921. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo na New Chox, na Jumapili jioni ilikuwa saa ya watu wote: Wahindi, Waswahili, Waarabu, makarani na wachukuzi, kila mmoja na nguo yake nzuri. Filamu za Kihindi ziliangaliwa na watu wasiojua neno moja la Kihindi, wakatoka wanalia na wanaimba. Hata siasa imepitia huko. Rashidi Kawawa, kabla hajawa Waziri Mkuu mwaka 1962, alikuwa mcheza filamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliigiza katika filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu. Mzazi anayemkaripia mwanawe kwamba filamu ni za wahuni asisahau kwamba mmoja wa wajenzi wa taifa alianzia hapo.

Majumba hayo yalikufa kwa sababu zinazojulikana. Usambazaji wa filamu uliwekwa mikononi mwa kampuni ya umma, iliyoundwa mwaka 1968, na fedha za kigeni za kuleta filamu mpya zikawa haba. Miaka ya 1980 ikaja video, na kanda moja ya kunakiliwa ikawatosheleza watu wa mtaa mzima. Televisheni, ambayo Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, ilifika Bara mwaka 1994, ikamaliza kilichobaki. Majumba mengine yakawa maghala, mengine maduka.

Kilichozaliwa badala yake kilikuwa kibanda umiza. Chumba cha mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja, joto la kuchemsha yai, na jina linajieleza. Haifai kukidharau. Ndimo walimokulia watafsiri wa filamu kama Lufufu, waliochukua filamu ya Hong Kong au ya Marekani wakaifanya hadithi ya Kiswahili kwa sauti moja ya mtu mmoja, wakiongeza mzaha na mawaidha pale ambapo mwandishi wa filamu hakuweka kitu. Ufundi huo ni wa mtambaji wa hadithi, umehamia kwenye umeme.

Sinza yenyewe ina deni katika habari hii. Steven Kanumba, aliyefanya watu wa Kongo, Rwanda na Burundi wajue sura ya filamu za Bongo, aliishi Sinza Vatican, na hapo ndipo alipofariki tarehe 7 Aprili 2012. Umati uliojaa viwanja vya Leaders na kufuata jeneza hadi makaburi ya Kinondoni ulikuwa wa kushangaza hata kwa mji uliozoea misiba ya wakubwa. Walakini wengi wa waliomlilia walikuwa wamemwona kwenye televisheni ya inchi ishirini na moja, diski imenunuliwa kwa mchuuzi, umeme umekatika katikati. Biashara ya filamu zake ilikuwa ya diski za Kariakoo, si ya majumba. Kizazi kizima cha mashabiki wa filamu kimekua bila kukaa gizani na watu mia wasiofahamiana wakacheka kwa pamoja.

Na hapo ndipo penye hoja ya kwenda sinema wakati simu imejaa filamu. Simu ina filamu, hilo ni kweli. Lakini filamu ya simu inatazamwa na mtu mmoja, kwa vipande, huku ujumbe wa mikopo ukipita juu ya uso wa shujaa. Ndani ya ukumbi hakuna kusimamisha, hakuna kurudisha nyuma, hakuna kwenda kuonja mboga. Saa mbili nzima familia inatazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, na katika nyumba nyingi za Sinza jambo hilo halijatokea tangu mechi ya mwisho ya Simba na Yanga.

Kumbi za sasa zipo karibu, ikiwamo ya Mlimani City, jengo la maduka lililoko barabara ya Sam Nujoma, ambalo kwa mtu wa Sinza ni safari ya bajaji. Ni kweli kwamba ukumbi una ubaridi wa kiyoyozi wa kumtetemesha mtoto, kwa hiyo kanga ya ziada si ya aibu. Ni kweli pia kwamba bisi za humo ni ghali kuliko gunia la mahindi yaliyozizaa. Familia ile nyumbani kwanza. Mzazi aulize daraja la umri kabla ya kukata tiketi. Filamu na michezo ya kuigiza nchini ina sheria yake tangu mwaka 1976, na filamu hupangwa kwa umri kwa sababu. Mtoto wa miaka sita aliyeingizwa kwenye filamu ya mauaji kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia, atailipisha nyumba nzima usiku.

Filamu ya kuchaguliwa isiwe ya mapigano ya magari peke yake. Zinapotokea za kwetu, zipewe nafasi ya kwanza. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ni mfano wa filamu ya Kiswahili iliyotengenezwa kwa ajili ya pazia kubwa: vichochoro vya Zanzibar, mvua, kanga iliyolowa, vyote hivyo kwenye simu ni vidoa. Mwenye likizo na nauli ya boti anaweza kuvuka hadi Unguja, ambako tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likifanyika tangu mwaka 1998, na Ngome Kongwe imetumika kuonyeshea filamu usiku chini ya nyota.

Lipo jambo dogo la mpangilio lenye faida kubwa: makumbusho yatangulie, sinema ifuate. Aliyeona tembe mchana atatambua kama tembe la kwenye filamu limejengwa na mtu anayejua au na fundi seremala wa mjini. Aliyeshika tama mbele ya mavazi na vyombo vya kale ataona saa ya mkononi kwenye mkono wa askari wa Majimaji, ikitokea, na ataicheka. Hivyo ndivyo mtazamaji hodari anavyopatikana.

Gharama haikwepeki, ila si ile inayodhaniwa. Mtanzania hatozwi kiingilio cha mgeni katika makumbusho ya taifa, na mtoto hutozwa pungufu ya mtu mzima. Siku nzima ya makumbusho kwa familia ya watu watano, nauli ikiwemo na chakula kikiwa kimebebwa kwenye hotpoti kutoka nyumbani, haifikii bili ya Jumamosi moja ya baba na rafiki zake wawili na kilo ya nyama choma. Sinema ni ghali zaidi, na ndiyo maana inatajwa mara moja. Tena watu hawa si kwamba hawajui kwenda kwenye maonyesho. Kila Julai hufurika Sabasaba, kwenye viwanja vya barabara ya Kilwa huko Temeke, wanapigwa na jua na vumbi, wanarudi na ndoo, sufuria na vipeperushi vya benki. Nguvu hiyo hiyo, theluthi yake tu, inatosha kufika Kijitonyama.

Wako wengi ambao hawana siku 28 za mtu yeyote. Mama lishe wa Sinza Madukani hana mwajiri wa kumwandikia barua ya likizo, wala dereva wa bodaboda wa Afrika Sana, wala kinyozi, wala fundi cherehani. Kwao likizo ni kitu cha kujikatia wenyewe kwa mkasi wao, na kwa kawaida hawajikatii. Hao hawahitaji juma zima. Fundi cherehani anaweza kufunga mlango Jumapili saa saba mchana, akabandika karatasi kwamba nguo za sare zitatoka Jumatatu, akawachukua watoto wawili na mama yake, wakavuka Bamaga kwa miguu. Saa nane wako getini. Ataona, katika nyumba moja au nyingine, ngozi iliyoshonwa kwa kano, na ataigeuza upande wa nyuma kwa macho, kama afanyavyo fundi yeyote, kutazama mshono ulivyopita. Jioni atafungua tena duka, taa itawaka, na mteja aliyekuja kuulizia sare atamkuta anachora mshono huo kwa chaki mezani.